Simba wa Tsavo katika Jumba la Chicago

Nalipata safari ya kwenda Marekani, na huko Chicago niliingia katika jumba kubwa la makumbusho liitwalo Field Museum, lililoanzishwa mwaka 1893. Humo mna wanyama, mifupa, na vyombo vya mataifa mengi. Katika ukumbi mkubwa wamesimama tembo wawili wa Afrika, waliotengenezwa na Carl Akeley kwa ngozi zao hasa. Kazi ile ni ya ustadi mno, hata mtu hutaka kurudi nyuma kwa hofu.

Lakini hasa nalikwenda kuwatazama simba wawili wa Tsavo, waliowala wajenzi wa reli mwaka 1898, hata J. H. Patterson akawapiga risasi. Ngozi zao zilikuwa mazulia nyumbani kwake karibu miaka 25, ndipo jumba likazinunua mwaka 1924 kwa dola 5,000. Kwa kuwa zilikuwa zimekatwa na kuchakaa, simba wale sasa ni wadogo kuliko walivyokuwa walipokuwa hai.

Basi hapo pana neno la kufikiri. Katika kitabu chake cha mwaka 1907, Patterson aandika ya kuwa simba wa kwanza alikuwa na urefu wa futi 9 na inchi 8. Ataja na Wahindi 28 waliouawa. Lakini juu ya Waafrika asema tu kwamba walikuwa wengi, wala hesabu yao haikuandikwa. Baadaye alisema waliokufa wote ni 135. Mwaka 2009 wataalamu walipima mifupa na nywele za simba hao, wakakisia watu 35 hivi.

Tofauti hii ni kubwa, nayo ni ya roho za watu. Simba alipimwa hata inchi, na Wahindi walihesabiwa. Basi wino ulikuwapo. Waafrika peke yao hawakuandikwa, na leo hakuna awezaye kutuambia walikuwa wangapi.

Silisifu jumba kupita kiasi, wala silaumu. Limehifadhi vema kilichonunuliwa. Jina lisiloandikwa siku ile halinunuliki. Lakini sisi tuliofundishwa kusoma na kuandika tutajitetea kwa neno gani? Ndugu, mzee wako angali hai. Mwulize habari za jamaa zake waliokufa katika kazi za mbali, ukaandike majina yao kabla hajalala.