Shujaa au Manusura? Tuisome Tena "Sauti ya Dhiki"

Mwulize mwanafunzi yeyote wa fasihi dhamira za Sauti ya Dhiki, atakuorodheshea chapuchapu: uzalendo, msimamo, kupinga dhuluma. Sawa kabisa. Abdilatif Abdalla alifungwa kuanzia 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka wa kisiasa, Kenya: Twendapi? Tungo zake aliziandika kwa siri gerezani, kwenye karatasi za chooni, na diwani ikatoka 1973. Nani atakataa kumwita shujaa?

Lakini hebu tusimame hapo kidogo. Shujaa, jinsi tunavyomsifu, hana ruhusa ya kuumia. Tukishamvika mtu joho hilo, maumivu yake huwa pambo la msimamo wake. Ndiyo maana darasani tunaikimbilia "Siwati", halafu "Jipu" tunalifanya fumbo la siasa, basi, tumemaliza. Siasa imo, sibishi. Ila jipu huuma kwanza mwilini mwa mwenye nalo.

Kiswahili kina neno jingine: manusura. Ndani yake mna nusura, neno lenye sura mbili. Ni msaada unaookoa. Tena ni "karibu", kama tunaposema "nusura afe". Kwa hiyo manusura ameokoka, lakini lile lililokaribia kummaliza bado liko jirani naye. Kutoka gerezani ni jambo la siku moja. Kupona kuna kalenda yake.

Tazama riwaya ya Haini ya Adam Shafi. Mwandishi alikuwa miongoni mwa waliotiwa kizuizini Zanzibar baada ya Rais Karume kuuawa tarehe 7 Aprili, 1972. Riwaya, yenye mhusika wake Hamza mikononi mwa watesaji, ilichapishwa 2003. Miaka 31! Abdilatif aliandika kidonda kikiwa kibichi. Msomaji wa Haini anakutana na kovu. Sidai kwamba najua kilichomkalisha Shafi muda wote huo. Nasema tu kwamba mhakiki anayehesabu dhamira bila kuutazama umbali huo ameacha nusu ya kazi.

Kuna watakaosema huku ni kuipunguza makali fasihi ya mapambano, kuigeuza kilio. Ati kweli? Jela ya kisiasa hujengwa ili imvunje mtu. Tukikataa kuona alipovunjika, tunamfutia mfungaji mashtaka. Anayesema "niliumia" anatoa ushahidi, na ushahidi huo hauhitaji kifua mbele.

Pendekezo langu kwa walimu wetu ni dogo. Swali la mtihani la "Jadili ushujaa katika Sauti ya Dhiki" tumelijibu vya kutosha. Mwaka huu tuulizeni kuhusu lile neno la mwisho la jina la diwani. Mtunzi mwenyewe aliliweka pale juu ya jalada, wala hakulificha.