Rembrandt wa ukutani: nakala ilitengenezwaje?

Mchoro mmoja wa Rembrandt uliorudiwa sana ni ule uitwao Gilda Mia, wa mnamo 1648, unaomwonyesha Yesu akiwaponya wagonjwa. Ukiukuta kwenye fremu kuukuu, pamoja na maelezo kwamba ulirithiwa kwa babu, swali la kwanza liwe hili: bamba lake lilichongwaje?

Msingi wa kazi yenyewe ni bamba la shaba lililopakwa nta. Msanii huchora kwa sindano hadi shaba ionekane, kisha tindikali hula mistari iliyo wazi. Ile inayotakiwa kufifia hufunikwa mapema kwa vanishi; ya giza huachwa iliwe zaidi. Juu ya hapo Rembrandt aliikwaruza shaba moja kwa moja. Mkwaruzo huinua ukingo mwembamba wa chuma unaoshika wino, na kivuli chake hutoka laini kama mahameli. Ukingo huo hauchelewi kulala kwa mgandamizo wa mtambo, kwa hiyo chapa za mwanzo ndizo zenye giza zito.

Anayenakili kwa mkono huanza na tatizo la upande: akichora anavyoona, chapa itatoka imegeuka, kushoto kuwa kulia. Hivyo hufuatisha mchoro kwenye karatasi nyembamba, kisha huilaza kifudifudi juu ya nta ili mistari ihamie ikiwa imegeuzwa. Lakini mbele yake ana wino uliokwisha kukauka tu. Kila mstari ulikaa muda gani kwenye tindikali, inambidi akisie.

Charles Amand-Durand wa Paris, katika karne ya 19, alipita njia nyingine. Alipiga picha chapa halisi, akaihamishia kwenye shaba kwa mwanga na tindikali, kisha akamalizia kwa mkono. Kwa hiyo wino ulioinuka ukipapaswa, na mbonyeo wa ukingo wa bamba kwenye karatasi, havitoshi kuwa ushahidi. Nakala zake zinavyo vyote viwili. Tumia lenzi: penye mahameli mara nyingi utakuta mistari mikavu au weusi bapa. Kisha itoe picha kwenye fremu na kuigeuza, maana nakala zake nyingi zina muhuri mwekundu mgongoni.

Ishike pia kwenye mwanga. Karatasi ya enzi za Rembrandt, aliyefariki 1669, kama ni ya Ulaya huonyesha mistari ya waya za chekecheo. Karatasi laini isiyo na mistari hiyo ilianza Ulaya katikati ya karne ya 18.

Kuna pia chapa za katikati: Kapteni William Baillie alilipata bamba lenyewe la Gilda Mia, akalichonga upya mnamo 1775, akachapa, kisha akalikata vipande vinne. Hizo si nakala, ila mkono wa Rembrandt umefunikwa na wa Baillie.

Kumbukumbu za familia husaidia pale zinapofunga mlango mmoja. Risiti ya 1850 inayoitaja picha hiyohiyo humwondoa Amand-Durand, aliyekuwa bado hajaanza kazi hiyo. Simulizi isiyo na mwaka wala maandishi haimwondoi yeyote.