Kosa la Kuazima Kitabu

Hebu chukua mkasa huu. Binti mmoja wa chuo kompyuta yake imeharibika, na kazi aliyopewa haijakwisha. Anamwendea kijana wanayesoma pamoja, anamwomba amwazime yake. Kijana anatoka jasho. Si kwamba anaogopa kuibiwa. Humo ndani mna vitabu vyake, na binti akivisoma bila kulipa, jela inamngoja kijana.

Ndivyo inavyoanza "The Right to Read", hadithi ya Mmarekani Richard Stallman iliyotoka Februari 1997 katika jarida la wataalamu wa kompyuta, Communications of the ACM. Ni fupi kweli, unaimaliza daladala haijajaa. Stallman si mtunzi wa riwaya. Ni fundi wa programu, yule aliyeanzisha mradi wa GNU mwaka 1983 ili watu wawe huru kuzitumia programu, kuzinakili na kuzirekebisha. Na ufundi huo unaonekana hadithini, kwa uzuri na kwa ubaya.

Uzuri kwanza. Hatutishi kwa majoka wala roboti. Kitisho chake ni kidude kilichofichwa ndani ya kila kitabu, kinachopeleka taarifa: nani kasoma, lini, wapi. Mwaka 1997 ungeweza kucheka. Lakini Julai 2009 kampuni ya Amazon ilizifuta nakala za Nineteen Eighty-Four ya George Orwell kutoka kwenye Kindle za wateja wake, eti aliyeziuza hakuwa na haki nazo. Na kitabu chenyewe, ajabu, kinahusu serikali inayomchungulia kila mtu! Pesa zilirudishwa, mkuu wa kampuni akaomba radhi. Sawa. Ila fikiria muuza vitabu anaingia chumbani kwako usiku, anachukua kitabu, anaacha noti mezani.

Ubaya sasa. Lissa, huyo binti, hana sura. Hatumjui ila kwa shida yake. Kijana, Dan, anamwazima kompyuta na neno lake la siri, ili mitambo idhani ni yeye anayesoma. Mara tunaambiwa wameoana. Mapenzi gani haya, bwana?

Lakini kilichoniudhi hasa ni jambo analolipita mbio. Katika ada wanazotozwa wasomaji wa makala za kitaalamu, asilimia 10 inawafikia walioziandika. Na Dan, aliyekopa ili aweze kusoma, anatumaini siku moja makala zake mwenyewe zitamlipia deni hilo. Hapo ndipo hadithi ilipokuwa! Mtu kanaswa na wavu, naye anasubiri zamu yake ya kuuvuta. Stallman anamwona msomaji vizuri sana. Mwandishi kamwacha mlangoni.

Nasema hivi kwa kuwa yananihusu. Riwaya nyingi nimezisoma kwa fotokopi. Moja ilikosa ukurasa wa mwisho, mpaka leo simjui muuaji. Halafu siku moja nikakuta kijitabu changu, nilichokichapisha kwa pesa za mkopo, kimetolewa kopi na kupangwa dirishani kwenye kibanda cha fotokopi. Kwanza nilifurahi, jamani, kumbe nasomwa! Kisha nikazihesabu zile nakala, nikazidisha kwa bei. Nikaingia kugomba. Nilipoishika moja mkononi, maneno yakanikwama. Muuzaji akadhani nalia bei, akanipunguzia. Nikanunua.