Citroën DS: Umbo Lililotoka Chini ya Bati

Maonyesho ya Magari ya Paris yalipofunguliwa tarehe 5 Oktoba 1955, Citroën ilipokea oda 743 za DS katika dakika 15 za kwanza. Hadi jioni zilikuwa zimefika 12,000. Tangu siku hiyo DS husifiwa kwa umbo lake, na sifa hizo humwendea Flaminio Bertoni, mchongaji sanamu Mwitalia aliyekwisha kubuni Traction Avant ya 1934.

Anazistahili. Lakini mwenye kulitazama gari hili kama sanamu tu hulipunja, kwa kuwa karibu kila mkunjo wa bodi ile una sababu yake chini ya bati. Sababu hizo zilitoka kwa mhandisi André Lefèbvre, aliyejifunza kazi katika kampuni ya Voisin iliyokuwa ikiunda ndege, na kwa Paul Magès, bingwa wa haidroliki.

Tuanze na pua. Imelala, na pale ambapo magari ya enzi zile yalitangulizwa na grili kubwa ya kromu, DS haina kitu. Hewa ya kupoza rejeta inaingilia chini ya bampa. Giaboksi ndiyo iliyowekwa mbele kabisa, na injini ikasogezwa nyuma ya ekseli ya mbele hadi ikachukua kipande cha sehemu ya abiria. Tairi la akiba likapewa nafasi puani, mbele ya rejeta. Kwa hiyo buti lote likabaki la mizigo, na Bertoni akapata ruhusa ya kuuteremsha mkia atakavyo.

Mkia wenyewe umechongoka kama tone la maji, nao una hesabu yake: magurudumu ya mbele yameachana milimita 1,500, ya nyuma 1,300 tu. Mbele ndiko kwenye uzito na ndiko kunakovuta. Paa, ambalo halikubeba mzigo wowote, lilitengenezwa kwa faibaglasi ili uzito wa gari ukae chini. Na zile indiketa mbili zilizochomoza juu ya kioo cha nyuma, ambazo wengi hudhani ni pambo, zinaficha pale paa linapoungana na nguzo.

Hata hivyo, kiini cha gari ni springi zake, ambazo si springi. Kila gurudumu lina tufe la chuma lililogawanywa na kiwambo cha mpira: upande mmoja gesi ya naitrojeni, upande wa pili mafuta yanayosukumwa na pampu. Gesi hubonyea gurudumu linapopanda tuta, na mafuta yakipenya kwenye vali nyembamba hutuliza mtikisiko. Nyuma wakikaa watu watatu na mizigo yao, mfumo huongeza mafuta na gari hurudia kimo chake. Gari refu na la chini namna hii, kwa springi za kawaida, lingekalia mkia na mchoro wote wa Bertoni ungeharibika. Magès alikwisha kuujaribu utaratibu huo mwaka 1954 kwenye ekseli ya nyuma ya Traction ya silinda sita.

Ushahidi mzuri zaidi upo kwenye kubadilisha tairi la nyuma. Bodi inalifunika, kosa ambalo fundi yeyote angelilaani. Lakini madigadi ile imeshikwa na bolti moja. Dereva huinua gari kwa wenzo ulio ndani, huweka kigingi chini yake, kisha huurudisha wenzo, na magurudumu yanajinyanyua yenyewe. Hakuna kuhangaika na jeki. Na tarehe 22 Agosti 1962, pale Petit-Clamart, gari la DS la Rais de Gaulle wa Ufaransa lilimiminiwa risasi, matairi mawili yakapasuka, lakini mfumo huo ukalishikilia na dereva akatoka nalo mbio.

Mapungufu yalikuwepo. Mafuta ya awali yalinyonya unyevu na kuleta kutu kwenye mitambo; dawa yake, mafuta ya kijani ya madini, ilipatikana baada ya miaka zaidi ya kumi. Injini ndiyo aibu kubwa zaidi: mpango wa silinda sita uliachwa, na gari la kesho likatoka na injini ya Traction ya sentimita za ujazo 1,911, yenye ngurumo zisizolingana kabisa na uso ule.

Bertoni alifariki mwaka 1964. Mwaka 1967 mrithi wake, Robert Opron, aliubadilisha uso: taa nne nyuma ya kioo, na katika matoleo ya juu zile za ndani zinageuka pamoja na usukani ili zimulike kona kabla gari halijafika. Marekani ilikataa kioo pamoja na taa zinazogeuka, kwa hiyo wanunuzi wa huko waliletewa DS yenye taa zilizo wazi, zinazotazama mbele tu.