Akiba, Hisa na Dhamana: Uhakiki wa Lugha ya Uwekezaji wa Uzeeni katika Mazingira ya Nakivale na Mbarara

Ikisiri

Makala haya yanahakiki msamiati wa Kiswahili unaotumika kuzungumzia akiba ya uzeeni na misukosuko ya masoko ya dunia, kwa kuupima katika mazingira ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale na jiji la Mbarara nchini Uganda. Hoja kuu ni kwamba maneno matatu yaliyozoeleka, yaani akiba, hisa na dhamana, hayamwelezi mwekaji mdogo ni nani anayedaiwa na ni nani atakayebeba hasara. Makala yanapendekeza kipimo kimoja cha kutathmini istilahi hizo kabla hazijafikishwa kwa wananchi.

1.0 Utangulizi

Makazi ya Nakivale, wilayani Isingiro, yamepokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Humo wanaishi Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na wengineo, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazowakutanisha sokoni, hospitalini na katika vikundi vya kuweka fedha. Mbarara ni jiji la jirani ambako Runyankore ndiyo lugha ya nyumbani na ambako benki na ofisi za serikali hupatikana.

Tofauti ya kiuchumi kati ya sehemu hizi mbili inaanzia kwenye ardhi. Mzee wa Mbarara anaweza kuzeekea kwenye shamba lake la ndizi, akiwa na ng'ombe zizini. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi na kusafiri, lakini kipande cha ardhi anachogawiwa katika makazi anakilima tu. Hana haki ya kukiuza wala kukikodisha. Kwa hiyo uzee wake hauna budi kutegemea kitu kingine: watoto, biashara au fedha iliyowekwa mahali. Anayetegemea fedha iliyowekwa mahali anategemea pia maneno aliyoelezwa siku alipoiweka.

Suala hili limezidi kuwa na uzito kwa sababu mbili. Mwaka 2022 sheria ya Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii wa Uganda (NSSF) ilirekebishwa, uchangiaji wa hiari ukapanuliwa, na mwanachama aliyefikisha umri wa miaka 45 na kuchangia kwa miaka 10 akaruhusiwa kuchukua hadi asilimia 20 ya akiba yake kabla ya kustaafu. Mwaka huohuo Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Fedha za uzeeni zinamfikia mtu asiye na mwajiri wakati uleule ambapo Kiswahili kinaingia rasmi katika maisha yake.

2.0 Akiba na dhana ya kutooza

Methali inayotumiwa zaidi katika uhamasishaji wa uwekaji fedha ni "Akiba haiozi". Kwa mkulima aliyehifadhi mahindi makavu ghalani, methali hii ina ukweli wake. Kasoro inatokea inapohamishwa kutoka kwenye nafaka hadi kwenye noti bila kurekebishwa, kwa maana fedha huoza.

Wasikilizaji wa Nakivale na Mbarara wana sababu za kihistoria za kuitilia shaka. Mwaka 1987 Uganda ilibadilisha sarafu yake: shilingi 100 za zamani zikawa shilingi 1 mpya, na serikali ikakata tozo ya asilimia 30 katika ubadilishaji huo. Nchini Zaire, mwaka 1993, zaire mpya moja ilichukua nafasi ya zaire 3,000,000 za zamani. Mtu aliyekuwa ameficha noti chini ya godoro alijifunza kwamba noti zinaweza kubaki nzima ilhali thamani yake imeondoka.

Kwa hiyo mtu asiyeitikia wito wa "Akiba haiozi" hapaswi kuhesabiwa moja kwa moja kuwa hana elimu ya fedha. Huenda kumbukumbu yake ni nzuri kuliko ya mhamasishaji. Methali iliyo karibu zaidi na uhalisia wa uwekezaji ni "Mali bila daftari hupotea bila habari", kwa kuwa haiahidi usalama bali inadai hesabu.

3.0 Hisa mbili zenye jina moja

Neno hisa linatumika katika nyanja mbili zinazotofautiana. Ya kwanza ni kikundi cha kuweka na kukopa, mfumo ulioanzia Niger mwaka 1991 na kuenea Afrika nzima. Wanachama hukutana mara kwa mara, kila mmoja hununua kati ya hisa 1 na 5, fedha hufungiwa katika kisanduku chenye kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu tofauti. Baada ya takriban mwaka mmoja fedha na faida hugawanywa. Kabla ya mgawo huo, bei ya hisa haipandi wala haishuki.

Nyanja ya pili ni soko la hisa, ambalo Kampala inalo tangu miaka ya 1990. Huko hisa ni sehemu ya umiliki wa kampuni, na bei yake hubadilika kila mnunuzi na muuzaji wanapokubaliana. Hakuna siku ya mgawo iliyopangwa. Anayetaka fedha zake lazima ampate mtu wa kumuuzia, na bei ya siku hiyo inaweza kuwa chini ya ile aliyonunulia.

Mtu aliyeijua hisa kwanza katika kisanduku atasafiri na maana hiyo hadi sokoni. Akiambiwa "nunua hisa kwa ajili ya uzee", ana haki ya kuelewa kwamba fedha zake zitarudi zikiwa na nyongeza. Bei ikishuka, atahisi ameibiwa, na hataona wazi tofauti kati ya soko lililoshuka na tapeli aliyetoroka. Hapa lugha inaacha mlango wazi kwa matapeli, kwa sababu wao hutumia msamiati uleule.

Ikumbukwe kwamba Ankole ina mfano wa istilahi iliyo wazi zaidi. Engozi ni machela ya kumbebea mgonjwa, na jina hilo likawa jina la vyama vya kusaidiana wakati wa maradhi na mazishi. Mwanachama hahitaji maelezo marefu: leo anabeba, kesho atabebwa. Jina lenyewe linataja mzigo na wabebaji wake.

4.0 Dhamana, hatari na mtikisiko

Neno lenye utata mkubwa zaidi ni dhamana. Katika matumizi ya kawaida dhamana ni ahadi ya kubeba jukumu, ni kitu kinachowekwa rehani, au ni masharti ya kumwachia mshtakiwa. Maana zote hizi zina wazo la uhakika. Karatasi ya mkopo wa serikali inapoitwa "dhamana ya serikali", msomaji anaambiwa, kabla ya maelezo yoyote, kwamba hakuna la kuogopa. Hatifungani, istilahi nyingine ya jambo hilohilo, haimpotoshi. Ila haimwambii chochote. Nchini Kenya, hatifungani ya kununuliwa kwa simu iliyozinduliwa mwaka 2017 iliitwa M-Akiba, jina linalomfanya mkopeshaji ajione mwekaji.

Mfano wa Ghana unaonyesha gharama ya utata huu. Mnamo Desemba 2022 serikali ya nchi hiyo, ikiwa imezidiwa na madeni, ilitangaza kubadilisha hatifungani za ndani kwa nyingine zenye masharti hafifu kwa wenye nazo. Mapema mwaka 2023 wastaafu waliokuwa wamewekeza humo walikusanyika kwenye Wizara ya Fedha jijini Accra kudai haki yao. Karatasi zao zilikuwa za serikali, na bado zilikuwa mkopo.

Msamiati wa hatari nao una upungufu. Methali "Tahadhari kabla ya hatari" inafundisha kwamba mwenye hadhari huokoka. Katika uwekezaji, hata hivyo, mtu huikubali hatari kwa kiasi fulani kwa sababu faida inatokana nayo. Kuhusu misukosuko ya dunia, vyombo vya habari hupenda "mtikisiko wa uchumi", sitiari ya tetemeko. Tetemeko halina mtendaji. Ilhali mgao wa chakula kwa wakimbizi nchini Uganda ulipopunguzwa na Mpango wa Chakula Duniani hadi asilimia 70 mwaka 2020 na asilimia 60 mwaka 2021, wafadhili walikuwa wameamua watoe kiasi gani. Familia iliyotumia akiba yake kununua unga katika miaka hiyo ilibeba sehemu ya hatari ya dunia bila kuwa na hisa katika soko lolote.

5.0 Hitimisho

Kasoro zilizojadiliwa hazitokani na uchache wa maneno. Kiswahili kina kukopa, kukopesha, kudai, kudaiwa, kupata na kula hasara, na kila kitenzi kati ya hivyo kinamtaja mtendaji. Tatizo limetokea pale watunga istilahi walipopendelea nomino zinazoficha mahusiano hayo.

Inapendekezwa kwamba wasimamizi wa mifuko, mabenki na mabaraza ya Kiswahili yaipime kila istilahi kwa swali moja: je, msikilizaji anajua nani anamdai nani, na nani atakula hasara mambo yakiharibika? Sentensi "Unaikopesha serikali kwa miaka 10, nayo inakulipa riba, ukitaka kutoka mapema unaweza kupata pungufu" ni ndefu kuliko "Nunua dhamana", lakini inamweka mkimbizi wa Nakivale na mstaafu wa Mbarara katika nafasi yao halisi, nafasi ya mdai. Na kuhusu mdaiwa, Waswahili wana kauli isiyohitaji tafsiri: dawa ya deni ni kulipa.