Kijiti Kilichoshiba

Mzee wa kitalu huyu hapa Mbalizi ana kisu kimoja tu, kilichonolewa mpaka kikawa chembamba kama jani la mwanzi. Lakini kabla hajakitoa mfukoni huuzunguka mparachichi wa Hass, mikono nyuma, macho juu, kama mtu anayechagua mbuzi mnadani. Kwake, kazi ya kubebesha inaanzia hapo.

Kikonyo anachokitaka ni ncha ya tawi lililokomaa, unene wa penseli, vichipukizi vimetuna na havijafunguka. Akikipinda, kinabisha. "Hiki kimeshiba, mwanangu."

Nilidhani anapamba maneno. Siku moja nikaja na iodini, ile tunayofundishia darasani, nikaidondoshea kwenye mkato wa kijiti laini alichokitupa na wa kile alichokichagua. Cha kwanza kilibaki na rangi ya dawa. Cha pili kikageuka weusi wa buluu. Wanga!

Sukari inayotengenezwa na majani haitumiki yote. Inayobaki hushuka kwenye matawi, shina na mizizi, ikageuzwa wanga na kuwekwa ndani ya chembe hai za mti, nyingine zikiwa zimejipanga mistari kutoka gome kuelekea moyo wa shina. Mparachichi unapochanua hula humo. Ukizaa kupita kiasi mwaka mmoja humaliza ghala, na mwaka unaofuata utavuna matunda ya kuhesabu. Ndiyo maana mzee hagusi vikonyo vya mti uliotoka kuelemewa.

Maana kikonyo kikishakatwa hakina mizizi, na majani hupunguzwa yasikikaushe. Kwa wiki tatu, nne hivi, kinaishi kwa masurufu yake. Mzee hukichonga kabari kwa mikato miwili, hukiingiza kwenye mpasuo wa mche, gome likutane na gome walau upande mmoja, kisha hukaza nailoni. Haifiki dakika mbili.

Mimi nilivipenda vile laini, kwa ubichi wake. Vilichipua upesi, nikajisifu kwa majirani. Kumbe vilikuwa vinakula akiba kabla njia ya maji haijaunganika, vikasinyaa vyote.

Hata Hass yenyewe ina kisa chake. Huko California, mpeleka barua wa posta Rudolph Hass alijaribu kubebesha aina nyingine juu ya mche mmoja, vikonyo vikakataa, akauacha ukue wenyewe. Mwaka 1935 akaupatia hataza. Mti ule ulikufa 2002, ila Hass ya Rungwe, ya Njombe na hii ya Mbalizi imetoka kwake, kijiti kwa kijiti, mkono kwa mkono.

Mzee anafunga vikonyo vya leo kwenye gazeti lenye unyevu na kuvisukuma kivulini, chini ya benchi. Bado anataka kimoja. Anautazama mti, anagusa tawi, analiachia, anahamia jingine.