Lugha ya Jaribio: Uhakiki wa Istilahi za Uchunguzi wa Kisayansi Shuleni

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 watoto wa shule za msingi za umma nchini Tanzania wamekuwa wakifundishwa sayansi kwa Kiswahili. Katika muda huo istilahi nyingi za viungo vya mwili, za mimea na za nishati zimeundwa, zikasanifiwa na kuzoeleka. Istilahi za uchunguzi wenyewe, yaani maneno anayohitaji mwanafunzi ili aulize, apime na kuamua, hazijapata uangalifu uleule. Makala haya yanakusudia kuhakiki baadhi ya istilahi hizo na kutoa mapendekezo.

Istilahi hupimwa kwa kutumika, hivyo tutatumia mfano mmoja wa hapa nyumbani. Mwaka 1963, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu, alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Desturi ilikuwa kuchemsha maziwa, kuyaacha yapoe, kisha kuyatia katika jokofu. Siku moja nafasi ilikuwa ikigombewa. Mwenzake akatia maziwa yake bila kuyachemsha, naye Mpemba akatia yake yangali moto. Baada ya saa moja na nusu maziwa ya Mpemba yalikuwa yameganda, na ya mwenzake bado. Alipomwuliza mwalimu wake sababu, aliambiwa kwamba amechanganyikiwa, na kwamba jambo hilo haliwezekani. Baadaye, akiwa mwanafunzi wa Mkwawa, Iringa, alimwuliza swali hilo Dkt. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyekuwa amewatembelea. Osborne hakulikataa swali, bali alilipeleka maabara. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala juu ya jambo hilo, na hadi leo linaitwa kwa jina la Mpemba.

Tuanze na neno jaribio. Shuleni neno hili lina kazi mbili. Mwalimu hutoa jaribio la kila mwezi ili kupima wanafunzi, na mwalimu huyohuyo hufanya jaribio la sayansi ili kuchunguza maumbile. Katika jaribio la kwanza jibu linajulikana tangu mwanzo, na asiyelipata amekosa. Katika la pili jibu halijulikani, au walau halipaswi kuchukuliwa kuwa linajulikana. Mwanafunzi huihamisha hofu ya la kwanza na kuiingiza katika la pili. Matokeo yake yakitofautiana na ya kitabu, huyafuta na kuandika ya kitabu.

Kosa hili huzidishwa na kitenzi kinachofuatana na neno hilo. Ni kawaida kukuta kichwa cha habari kama hiki: "Jaribio la kuthibitisha kwamba mmea unahitaji mwanga." Kuthibitisha ni kulifanya jambo kuwa imara na lisilo na shaka. Basi kichwa hicho kimekwisha toa hukumu kabla ya shahidi kuitwa. Mwalimu aliyemkatalia Mpemba alikuwa akisema kwa mantiki hiyohiyo, kwamba jambo lisilo kitabuni haliwezi kuwapo. Hatupendekezi kulitupa neno jaribio, kwani limekwisha enea mno. Tunapendekeza kwamba maswali ya darasani yaitwe zoezi au mtihani, na kwamba vichwa vya majaribio viandikwe kwa kitenzi cha kuuliza: "Jaribio la kuchunguza iwapo mmea unahitaji mwanga." Herufi ni chache, lakini tofauti ni kubwa.

Istilahi ya pili ni nadharia tete. Imekubalika sana katika vyuo, na wataalamu wanaitumia bila taabu. Kwa mtoto wa darasa la sita ina kasoro mbili. Kwanza, yeye amelisikia neno nadharia katika usemi "nadharia na vitendo", kwa hiyo kwake nadharia ni yale yanayoandikwa ubaoni bila kutendwa. Pili, tete ni sifa ya punje changa ambayo haijakomaa. Taswira hiyo inaahidi kwamba kwa kungoja tu, punje itakomaa na kuwa nadharia kamili. Sayansi haifanyi hivyo. Nadharia ni maelezo mapana yanayobeba matokeo mengi ya uchunguzi, ilhali wazo la kuanzia laweza kukataliwa lote mara moja, na mwenye kulitoa asiaibike.

Kwa shule za msingi tunapendekeza kisio, wingi wake makisio. Watakaopinga watasema kwamba kukisia ni kubahatisha. Hatukubaliani nao. Mkulima hukisia magunia atakayovuna kwa kulitazama shamba, na fundi cherehani hukisia kitambaa kwa kumtazama mteja. Wote wawili wana sababu za kisio lao, na wote wawili wako tayari kusahihishwa na mizani au futi. Hiyo ndiyo maana tunayoitafuta.

Istilahi ya tatu ni kidhibiti. Neno hili linabebeshwa mizigo miwili. Huitwa kidhibiti kile chombo kinachoachwa katika hali ya kawaida ili kulinganishwa na kingine, na huitwa kidhibiti pia kila jambo linalofanywa liwe sawa katika vyombo vyote. Turudi kwa Mpemba. Maziwa yake yalitofautiana na ya mwenzake kwa mambo mawili: yalikuwa ya moto, tena yalikuwa yamechemshwa. Ni lipi lililosababisha tofauti? Haikuwezekana kujua. Ndiyo maana swali alilomwuliza Osborne lilikuwa bora zaidi: vyombo viwili vinavyofanana, maji ya ujazo ulio sawa, kimoja kikiwa na nyuzi 35 za Selsiasi na kingine 100. Hapo limebaki jambo moja tu la kutofautiana. Tunapendekeza kilinganishi kwa maana ya kwanza, na kisawazishwa kwa maana ya pili. Maneno yote mawili yametokana na vitenzi ambavyo mtoto anavijua kabla hajaanza shule.

Huenda msomaji akauliza kama jambo la Mpemba limethibitishwa. Mwaka 2016 Burridge na Linden wa Uingereza walilipima upya, wakatilia shaka kwamba maji ya moto hupoa upesi kuliko ya baridi, na wakaonyesha jinsi mahali kipimajoto kinapowekwa panavyoweza kupotosha matokeo. Mjadala haujafungwa. Heshima ya Mpemba haipungui kwa hilo, kwani aliuliza vizuri na swali lake lingali likipimwa. Lakini msomaji na aangalie: neno "limethibitishwa" linatusukuma sote kutaka ndiyo au siyo, mahali ambapo jibu la haki ni "tuendelee kupima".

Sisi tunaoshughulika na istilahi hatuna budi kukiri sehemu yetu ya lawama. Tumezoea kuhesabu maneno tuliyoyasanifu, na mara chache tumekaa nyuma ya darasa kusikiliza yanavyotumika. Walimu na wafasiri waliokwisha yatumia maneno jaribio, nadharia tete na kidhibiti mbele ya wanafunzi wanaombwa kutuandikia walichokiona. Mapendekezo yetu nayo ni makisio, na yanangoja kupimwa.